Sindano Niliyomwachia Wambui

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu. Nakumbuka hata rangi ya kitambaa kilichokuwa mkononi mwangu. Kilikuwa cha samawati. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mshonaji wa mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Ruiru, na kusema kweli nilikuwa najiona. Nilitoka kwetu Bungoma na begi moja na ufundi wa cherehani niliofunzwa na mama, na ndani ya mwaka mmoja hakuna aliyenifikia kwa kasi kwenye laini yetu, yaani safu yetu ya mashine. Wenzangu waliniita Mashine. Jina hilo lilinipendeza, sitakudanganya.

Lakini kasi ile haikuwa ya ufundi peke yake. Kila mashine ilikuja na kichuma kidogo mbele ya sindano, cha kukinga kidole. Kichuma hicho kinasumbua unapogeuza kona ya mfuko, kwa hivyo sisi wajanja tulikifungua kwa bisibisi na kukificha kwenye droo. Siku ya wakaguzi wa usalama tulikirudisha mbio mbio kabla hawajafika kwenye laini yetu. Kila mtu alifanya hivyo. Basi siku hiyo, saa nne asubuhi, nikiwa nageuza kona huku nacheka na mwenzangu, sindano ilishuka ikapita kwenye kidole changu cha shahada, ikatoboa ukucha na kuvunjikia ndani.

Mwenzangu huyo alikuwa Wambui. Tuliketi mashine kwa mashine, na tulipanga vyumba katika ploti moja kule Mwihoko. Ndiye aliyezima mashine yangu, akanishika kiuno na kunipeleka chumba cha huduma ya kwanza huku akinikemea nisiangalie damu. Huko kulikuwa na muuguzi mzee, Mama Halima, mwenyeji wa Majengo kule Thika. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika wodi ya wagonjwa wa akili, akastaafu, kisha kiwanda kikamwajiri kutufunga vidonda. Alinitoa kipande cha sindano bila maneno mengi, akanifunga kidole, nikapewa siku tatu za kupumzika.

Siku ya nne nilirudi. Kidole kilikuwa kinapona vizuri. Nikaketi, nikawasha mashine, nikaweka kitambaa chini ya sindano. Mguu ukakataa kukanyaga pedali. Mwanangu, mguu ulikataa! Moyo ulianza kunidunda hadi nikausikia masikioni, viganja vikalowa, pumzi ikawa inaishia kooni. Nilijua kabisa kwamba nakufa, pale pale, mbele ya watu mia mbili.

Wambui aliniangalia akaelewa. Akavuta furushi langu la vipande upande wake. "Leta hizo," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nitakushonea. Wewe nikatie nyuzi tu, na supavaiza akipita ujifanye unapanga kazi."

Nikachukua makasi. Sijawahi kuonja raha kama ile. Moyo ulitulia dakika hiyo hiyo, pumzi ikarudi, nikamshukuru Mungu na nikamshukuru Wambui. Hapo ndipo nilipokosea. Kidole kutobolewa ilikuwa ajali, na makosa yangu ya kweli yalianza nilipopata ile nafuu tamu.

Nilijiambia ni leo tu. Kesho yake nikasema ni wiki hii tu. Wiki ya tatu nilikuwa siwezi hata kuigusa ile mashine, na Wambui alikuwa anashona mafurushi yake na yangu, akibandika namba yangu ya kazi kwenye nusu ya alichoshona. Na ule uoga, badala ya kupungua kwa kuwa nimeukwepa, ulinenepa. Mwanzo niliogopa sindano. Halafu nikaanza kuogopa mlio wa mashine, na mwisho nikawa natetemeka kwenye geti la kiwanda. Njiani kuelekea nyumbani kulikuwa na fundi wa nguo aliyeweka cherehani yake barazani, nami nikaanza kuzunguka nyuma ya soko ili nisipite kwake. Kanisani, kwenye ushirika wa akina mama, nilisimama nikatoa ushuhuda kwamba Bwana ameniponya. Makofi yalipigwa. Baada ya hapo nilishindwa hata kuomba msaada, maana ningemwambia nani kwamba sijapona?

Sasa nisikilize vizuri. Wambui alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimi niliiona kila siku. Niliona miguu yake imevimba, na hata nilimletea uji asubuhi nikijiona rafiki mwema. Lakini kushona sikushona. Kazi yake ikaanza kurudishwa kutoka meza ya ukaguzi: mshono umeruka hapa, mfuko umekaa upande pale. Supavaiza wetu, Kariuki, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watu juu yake. Jumatatu moja alikuja akamtupia furushi mapajani.

"Wambui, kwani siku hizi unashona ukiwa umelala? Hii ni mara ya pili. Ikirudi tena, Ijumaa unaenda nyumbani na hurudi."

Wambui alisema, "Nimesikia." Furushi lile lilikuwa na namba yake, na lilimharibikia kwa uchovu wa kunishonea mimi. Alikuwa karibu kufukuzwa kazi kwa ajili yangu, akiwa na mtoto tumboni, na mimi nikainamisha kichwa nikakata nyuzi. Naona aibu hata leo nikikuambia.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, Wambui aliegemea mashine akateleza chini. Tulimbeba kwa Mama Halima, akamlaza, akampima presha, akampa maji ya sukari. Alipopata nafuu kidogo, yule mama alinigeukia. Aliangalia kidole changu kilichopona, akaangalia makasi yaliyoning'inia shingoni mwangu.

"Wewe si ndiye wa sindano? Tangu lini umekuwa mtu wa makasi?"

Nililia. Nikamwambia yote, hata ushuhuda. Nilitarajia anionee huruma, lakini alivuta kiti akakaa mbele yangu kama mtu anayetaka kugombana.

"Nekesa, wewe si mgonjwa wa moyo, na huna pepo. Una ubongo unaofanya kazi yake. Pale ploti yenu kuna mbwa?"

Nikamwambia yupo, wa mwenye nyumba.

"Mtu wa kusoma mita akija, mbwa anabweka. Mtu wa mita akimaliza anaenda zake. Mbwa anafikiria nini? Anafikiria ni yeye amemfukuza. Kesho atabweka zaidi. Ndani ya kichwa chako kuna sehemu ndogo ya kutoa tahadhari, na haijui kusoma wala haisikizi maneno. Inaangalia tu unafanya nini. Ikipiga kelele nawe ukakimbia, inasema, kumbe nilikuwa sawa, nimemuokoa. Wewe umekimbia wiki tatu. Umeifundisha vizuri sana! Na huyu mama mjamzito hapa ndiye anakulipia karo."

Wambui, akiwa amelala pale, alisema, "Mama, mwachilie, ni mimi nilijitolea." Mama Halima akamwambia anyamaze, zamu yake inakuja.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: kile kichuma cha mashine kiko wapi? Nikasema kiko kwenye droo. Akacheka bila furaha. Akasema basi uoga wangu haukuwa mjinga kabisa, kwa sababu hatari ilikuwepo na mimi ndiye niliyeiweka. Hatari ya kweli huondolewa kwanza. Ukiiacha ilivyo ukajipiga kifua, huo si ujasiri. Nilikwenda nikakirudisha kichuma siku hiyo hiyo, mbele ya watu, na sikukitoa tena hadi nilipoacha kazi.

Kuanzia mchana huo, kila wakati wa chakula watu walipotoka, Mama Halima alikaa nami kwenye laini. Mashine ikiwa imezimwa, nikaketi. Ni kuketi tu, mwanangu! Moyo ulipanda kama nimekimbizwa. Alinifundisha kuvuta pumzi kawaida na kuitoa polepole, ndefu kuliko niliyovuta, maana pumzi ya kutoka ikiwa ndefu moyo nao hupunguza mwendo. Akanitaka niseme kwa sauti ninachohisi, nikasema, "Huu ni uoga. Unanibana kifua. Mikono imelowa." Ajabu ni kwamba nilipoutaja jina, ulipungua makali. Lakini sharti lake kubwa lilikuwa moja, nisiondoke kabla moyo haujashuka. Siku hiyo ya kwanza niliinuka nikakimbilia mlangoni. Akaniita. "Rudi. Ukitoka hapo sasa hivi, tumerudi nyuma kuliko tulikoanza." Nikarudi nimekasirika, nikakaa, na baada ya muda niliohisi ni wa mwaka mzima, moyo ukashuka wenyewe. Hakuna aliyeushusha. Sikuwa nimejua kwamba unaweza kushuka huku bado nimekaa.

Jumatano tuliwasha mashine bila kitambaa. Alhamisi nilishona mabaki ya vitambaa, mistari iliyonyooka tu, nikitetemeka. Alinikataza pia kukaa hadi usiku wa manane nikiwaza, akasema kichwa huhifadhi somo la mchana wakati umelala, na asiyelala humaliza siku nzima akisoma na kusahau.

Ijumaa ikafika kabla sijawa tayari, na Wambui alikuwa amerudi kwenye mashine, bado ananishonea. Saa tano Kariuki alikuja na furushi kutoka meza ya ukaguzi, akalishika juu kila mtu aone, akaanza kutembea kuelekea kwa Wambui. Wambui aliweka mikono yake tumboni. Mimi nilisikia ule mdundo masikioni, na ile sauti ya zamani ikaniambia niiname nikate nyuzi. Nikasimama.

"Kariuki, kosa hilo ni langu. Wambui amekuwa akinishonea tangu niumie. Mimi niliogopa mashine."

Kariuki alinitazama kana kwamba nimeongea Kichina. "Uliogopa? Wewe, Mashine?"

"Mimi."

"Haya, kaa. Shona mfuko hapa nikiona."

Nikaketi. Mwanangu, usidhani uoga ulikuwa umeisha. Mguu ulikuwa mzito, jasho lilinitiririka mgongoni. Nikatoa pumzi ndefu. Nikasema kimoyomoyo, huu ni uoga, naujua. Kisha nikakanyaga pedali huku ninaogopa, nikashona upande wa kwanza, nikageuza kona, nikashona wa pili. Mfuko mmoja niliokuwa nikiufanya zamani kwa kufumba na kufumbua ulinichukua muda wa kuaibisha. Lakini ulikaa sawa. Kariuki aliugeuza mara mbili, akauweka chini. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikatia sahihi, na ilikuwa haki yangu. Wambui hakufukuzwa.

Nilipomgeukia nilitegemea tabasamu. Nilimkuta ameinamia mashine anatokwa machozi. "Nekesa," akaniambia, "nilikuwa nimechoka. Haki nilikuwa nimechoka." Wiki zile zote hakuwahi kulisema neno hilo, wala mimi sikuwahi kuliuliza.

Hayo ni ya miaka ishirini na kitu iliyopita. Binti yangu wa mwisho anasomea uuguzi, na hunionyesha kwenye simu madaktari wakieleza ubongo kwa picha za rangi. Mimi humwambia nilifundishwa hayo kabla hajazaliwa, na mwalimu wangu hakuwa na picha hata moja. Lakini amenieleza jambo moja ambalo Mama Halima hakuniambia: kwamba somo la zamani la uoga halifutiki, lile jipya hukaa juu yake. Ndiyo maana mwezi uliopita, nikimshonea mjukuu sare ya shule nikiwa nimechoka na nina mawazo, moyo ulinirukia tena vile vile. Sikushtuka. Nilikaa hadi ukashuka, nikamaliza sare.

Basi mwanangu, wewe uliyeacha kufungua ujumbe kwenye simu kwa sababu mmoja ulikuumiza, wewe unayekwepa darasa, kikao au mtu, shika haya. Kwanza uliza kama hatari ipo kweli, na kama ipo, iondoe au uikimbie bila haya. Kama haipo, usiupe uoga wako chakula kwa kukimbia. Urudie kidogo kidogo, kaa nao, utaje, toa pumzi, usinyanyuke kabla haujashuka, kisha ulale. Ukishindwa peke yako nenda kwa anayejua kazi hiyo, wala usimwambie mtu umepona kama hujapona. Na kila unapopata nafuu ya haraka, geuza kichwa utazame jirani yako. Huenda kuna mtu amebeba ulichotua, naye ni mpole mno kulalamika.

Mungu akupe usingizi mzuri na kichwa kinachojifunza. Akupe moyo wa kukaa pale unapotaka kukimbia. Akupe rafiki kama Wambui, na akupe akili ya kutomchosha.