Magadi ya Mzazi

Mkoba niliukagua mara mbili nyumbani Karatu, mara mbili uwanjani, na ndege ilipokwisha kupaa nikaukagua tena. Vitu vinne: kanga mbili, mfuko wa maharage niliyoyachambua punje kwa punje, na magadi ndani ya nailoni. Havikuongezeka wala kupungua.

Binti yangu alikuwa amejifungua wiki tatu nyuma, huko ugenini, na mkwe wangu akanipigia kwamba mzazi hali. Anaonja, anasukuma sahani. Kwetu mzazi hupikiwa na mama yake, na mama mwenyewe nilikuwa nimekwama Karatu nasubiri karatasi za safari. Kwenye simu binti mwenyewe aliomba kitu kimoja tu, makande ya nyumbani, yale yanayolainishwa kwa magadi mpaka mahindi yanafunguka. Kwa sauti ile niliogopa. Mtoto huyu alizoea kuniomba vitu kumi ili apate vitatu.

Magadi nilinunua mnadani kwa mama mmoja wa Kimaasai niliyebishana naye miaka mingi, nikimwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao.

"Yeyo, punguza."

"Wewe kila mnada unaniua, na kila mnada unarudi."

Nilipomwambia ni ya mzazi, alipima, akatupia bonge jingine juu. "Hili halina bei. Usianze."

Sikuanza. Sikumbuki mara nyingine niliyofunga mdomo mbele ya mizani.

Ndani ya ndege kila mstari ulikuwa na viti kumi. Nikarudia kuhesabu, kumi. Chakula kilipokuja, nilimwonyesha kwa ishara mzee wa pembeni yangu kwamba nampa mkate wangu, anipe keki yake. Akanipa keki, na mkate akaniachia. Nikakaa nusu saa najiuliza ningemwomba nini zaidi. Kisha nikaangalia viatu vyangu. Vumbi jekundu lilikuwa bado kwenye mishono, na nikajua kwamba saa ile pale sokoni ninapouzia ukungu kutoka msitu wa Ngorongoro umeanza kutawanyika, na jirani yangu wa meza anawaambia wateja wangu kwamba nimehama moja kwa moja.

Tulipotua, milango ilifunguka yenyewe na hakuna aliyenisalimia. Maisha yangu yote nimeona watalii wakipita Karatu kwenda kreta, watoto wakiwapungia mikono. Sasa mgeni ni mimi. Nilipunga kidogo, kujaribu. Mtu mmoja akaangalia nyuma yake.

Kijana wa forodha alifungua mkoba, akatoa nailoni, akaishika kwa vidole viwili. Akauliza kitu. Mimi nikafanya kile kila muuzaji wa soko letu hufanya mteja akitilia shaka bidhaa: nikavunja kipande, nikakilamba mbele yake, nikamega kingine nikamnyooshea naye aonje.

Alirudi nyuma hatua mbili. Wakaja wenzake watatu.

Nilikuwa na namba ya binti yangu kwenye karatasi. Wakampigia, wakaweka sauti kubwa. Alikuwa nje pale pale, na mtoto mgongoni.

"Mama, umelamba mbele yao?"

"Sasa ningethibitishaje?"

"Ungeacha wapime wao!"

"Si nimewapunguzia kazi? Hebu mwambie achukue nusu, aniachie nusu."

"Mama, hapa hakuna kupunguza."

"Hujamuuliza."

Halafu nikamsikia anauliza, kwa lugha yao, kwa sauti ya mtu anayejikaza asicheke. Kijana akatikisa kichwa. Walichukua unga kidogo kwenye kikaratasi, wakaingia nacho chumbani. Nilisimama nahesabu vigae vya sakafu, nikafika mia na nane, nikapoteza, nikaanza upya. Maharage yalikuwa mezani, na kwa mara ya kwanza sikuyaangalia. Nilikuwa naangalia mlango ule tu.

Kijana alirudi na magadi yangu yamefungwa vizuri kuliko nilivyoyafunga mimi. Maharage akayavuta upande wake. Binti akanieleza kwamba mbegu haziingii.

"Yote?"

"Yote, Mama. Toka, mtoto anasikia baridi."

Nilitoka. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo nikaiona kabla ya uso. Jikoni kwake tulipika kwa maharage ya dukani, ya ukubwa mmoja yote kama yametoka kiwandani, na mahindi yaliyokauka mno. Nilikuwa napasua bonge lile la yule mama wa mnadani ili nitie sufuriani, mkono ukaja kutoka nyuma ukachukua kipande. Akakilamba. Alipokuwa mdogo alikuwa akiiba vipande hivyo hivyo chini ya meza yangu, nami nampiga vidole.

Safari hii sikumpiga.

"Aayo," akasema, neno la nyumbani la kumwita mama, ambalo kwenye simu alikuwa ameshaliacha, "hii ni ya yule yeyo wako mkali?"

"Kaongeza bonge zima. Bure."

"Muongo!"

Alikula bakuli mbili. Nilizihesabu. Alipomaliza ya pili akasogeza bakuli kwangu bila kuuliza, nami nikachota ya tatu.