Chanjo Kwenye Yambú

Yambú ni ngoma ya wazee. Mwanamke anaingia uwanjani polepole, ameshika ncha za sketi, mgongo ameuinamisha kidogo kana kwamba magoti yanamsumbua, na mwanamume anamzunguka kwa adabu. Rumba ya kasi ni kitu kingine. Huko mwanamume humvizia mwanamke, akamrushia kiuno, au mkono, au kitambaa, na mwanamke asipowahi kujifunika kwa sketi ameshindwa mbele ya watu. Pigo hilo tunaliita chanjo. Kwenye yambú hakuna chanjo. Mtoto wa Matanzas, mji wetu huku Kuba, analijua hilo kabla hajajua kufunga viatu.

Yambú ya kundi letu niliicheza mimi, Hortensia, au Tencha kwa walionizoea, tangu nikiwa na mimba ya mwanangu Leonel. Evaristo alikuwa mume wangu na kiongozi wa kundi. Nyimbo zilizompa jina nilizitunga mimi nikiwa nafua nguo za wachezaji, yeye akaziimba kama zake, nami nikanyamaza kwa sababu ni mume. Baadaye akanitoa nyumbani na kumwingiza Yusimí, msichana niliyemfundisha mwenyewe namna ya kushika sketi. Yambú tu ndiyo iliyomshinda kuninyang'anya. Mtaa usingekubali.

Jumapili moja alikuja mama mmoja kutoka Havana kuchagua watu wa kwenda kucheza Meksiko. Wapigaji ngoma angewachukua kadhaa, lakini mchezaji wa kike alimtaka mmoja tu. Sikuwahi kuvuka bahari, na sikuwa na kitu kingine cha kutegemea. Ua wetu wa kuchezea ulijaa mapema, jua likiwa bado kali ukutani. Wageni wa hotelini walikaa mbele kwenye viti, watu wa mtaa wakasimama nyuma na ramu yao.

Casilda, anayeongoza waitikiaji wa nyimbo, alinikuta nyuma ya pazia nikijifunga kilemba.

“Shoga, leo umejipiga pasi mpaka mikunjo ya uso.”

“Ya kwako pasi iliikataa.”

Akacheka, kisha akapunguza sauti. “Yusimí anasema ameshanunuliwa koti la safari.”

“Atalivaa akienda kupanga foleni ya mkate.”

“Tencha, mwangalie sana Evaristo leo.”

“Kwenye yambú atanifanya nini?”

Casilda akajifanya anatafuta kiatu.

Leonel akapita na kisanduku chake cha mbao. Yambú tunaipigia visanduku, na kile kidogo chenye sauti kali kilikuwa chake. Akanibusu shavuni kama kawaida.

“Umekula?” nikamwuliza.

“Baadaye, mama.” Akaenda bila kuniangalia.

Waitikiaji walipoanza, niliingia. Niliicheza vizuri, sitamwachia mtu aseme vingine. Nilishuka mpaka chini taratibu, nikainuka na mkono kiunoni kama bibi aliyechoka kufagia, na nyuma nikasikia watu wa mtaa wakiguna kwa raha. Evaristo alinizunguka na kofia mkononi. Nikafungua sketi pande zote mbili, mwili wazi, kama yambú inavyotaka.

Hapo akanirushia kiuno.

Na kisanduku kidogo kikalia palepale, pigo moja kali, juu ya kiuno chake. Sikuwahi hata kusogeza mkono.

Wageni walipiga makofi na miluzi. Evaristo akashika kipaza sauti. “Mnaona jamani? Bibi yetu amelala uwanjani. Tumwache apumzike.” Wakacheka zaidi. Nyuma, mtaa ulikuwa kimya. Bibi Amparo, mkubwa wetu wote, alitema mate chini, na huo ndio uliokuwa utetezi wangu. Kila mmoja pale ana mtoto au mpwa anayekula kwa mkono wa Evaristo. Mama wa Havana aliangalia viatu vyake kwanza, halafu naye akapiga makofi.

Yusimí akaingia kwa rumba ya kasi. Evaristo alimrushia huku na huku, naye akajifunika kila mara, kama nilivyomfundisha.

Walipopumzika nilimfuata Leonel nyuma ya pazia.

“Ulijua.”

“Mama, mkono uliteleza tu.”

“Hakuna mpigaji anayetoa pigo lile kwenye yambú kwa kuteleza. Ulikuwa unalisubiri.”

Akajifuta jasho. “Baba alisema ukichaguliwa wewe, kisanduku atampa mtu mwingine.”

“Ungeniambia.”

“Ungekataa kucheza naye.”

“Ndiyo.”

“Na mimi ningebaki hapa,” akasema. “Mama, wewe umeshacheza miaka yako.”

Nilimzaa mimi, nikamfundisha kupiga juu ya meza ya jikoni kabla miguu yake haijafika sakafuni akiwa kitini. Nikavua kilemba, nikaenda zangu.

Walikwenda Meksiko, baba, mwana na Yusimí. Leonel amebaki hukohuko.

Miezi kadhaa baadaye watu wa ua wa mtaa wa pili walinialika nikacheze yambú na mzee Crescencio, mwanamume mpole ambaye mguu wake mmoja hauinuki. Niliingia vizuri. Lakini kila aliponisogelea, mikono yangu ilikusanya sketi na kuibana mbele ya mwili.

“Shusha mikono, Tencha,” akaninong'oneza. “Mimi sikufanyi kitu.”

Nilijua hanifanyi kitu. Mikono haikushuka. Akanizunguka tena mara moja, waitikiaji wakapunguza sauti, na Crescencio akanishika kiwiko akanitoa uwanjani.