Sisimizi wa Jikoni kwa Mama Mkwe

"Dunia nzima sisimizi huyu yuko mahali pamoja tu, jikoni kwa mama mkwe wangu."

Mtunza wadudu wa makumbusho alitamba hivyo kwenye kipaza sauti, harusini kwa shemeji yake, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Jumatatu akaenda kumchukua malkia wa sisimizi hao. Sisimizi vibarua, wale wanaotafuta chakula, alikuwa nao tayari: jamaa zao wana miiba miwili mgongoni, hawa mgongo laini kama yai. Ila bila malkia, wakubwa kazini wangesema ni aina ileile, wamezaliwa na kasoro tu.

Jikoni palinuka dawa. Ufa wa ukutani ulikuwa mtupu.

"Mama, wako wapi?"

"Nani, mkwe wangu? Ukumbi mzima umeambiwa jiko langu lina wadudu. Nimewapulizia, nikawafagia, na takataka nikazitia moto. Kaa nikumiminie chai."

Alibaki amepiga magoti mbele ya ufa, kibano mkononi.

"Hata yule mnene?"

"Huyo ndiye niliyeanza naye."

Dawa iliyowamaliza, kopo dogo, dukani ni shilingi mia nne.