Gari Langu la Kupanda Mawe

Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, alikuwa na duka la kutengeneza redio Mji wa Kale, chumba kimoja chini ya nyumba ya ghorofa, hamna nafasi hata ya kupiga chafya. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: anichukue humo nifanye kazi. Kila nikimwomba alinijibu kwa upole ule unaokera kuliko matusi. "Mwanangu, kazi hii ina moto na ina umeme. Tafuta kazi ya ofisi." Na mimi ofisi siitaki. Lehemu nilianza kutia tangu mdogo, kwa kuibia ibia.

Ikatokea akaletewa gari la kuchezea la rimoti kutoka nyumba moja ya Kizingo, limevunjika vibaya, na mwenyewe asirudi kulichukua. Nikamwambia, "Ami, nipe hilo na lile boksi lako la vyuma vibovu. Nikitengeneza gari la kupanda mawe, si haya ya kukimbia sakafuni, utaniweka dukani?"

Ami akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Likipanda yale mawe ya Kizingo, chini ya mnara wa taa, likafika juu, utaanza kazi kesho yake." Nikamfanya alirudie neno hilo mbele ya mama.

Basi nikajifungia. Gari la kwanza lilikuwa na mota ya kasi. Ukiliweka kwenye ngazi, magurudumu yanazunguka yakipiga kelele na gari lipo pale pale. Nilinuna wiki mbili, chakula sili vizuri. Kisha asubuhi moja natoka sokoni, nikamwona hamali akipandisha mkokoteni wa magunia ya mchele kwenye mwinuko. Hakimbii. Anakaza mguu mmoja, anakaza wa pili, na mkokoteni unapanda. Nikasimama na kapu langu katikati ya njia nikimtazama, hata akaniuliza kama nimepotea.

Nilirudi nyumbani mbio, nikafungua deki mbili za video zilizokufa, nikatoa giya zake za plastiki nikazipanga, ndogo ikizungusha kubwa, na ile ikizungusha kubwa zaidi, mpaka gurudumu likawa linakwenda pole pole lakini huwezi kulizuia kwa kidole. Bodi nililikata kwenye bati la samli. Ekseli zilikuwa spoki za baiskeli. Magurudumu ndiyo yaliyonitesa, kwa sababu mawe yetu ni ya matumbawe, makali, yanakata kila kitu. Nikakata soli za kandambili zangu. Hazikutosha, nikakata za mama. Mama hakusema nami siku mbili nzima, lakini gari likapanda ngazi zetu zote mpaka darini, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilifuata nyuma akisema mashallah.

Jumapili alasiri tukaenda Kizingo, mimi, mama na ami, ami kavaa kanzu iliyopigwa pasi kana kwamba anakwenda harusini. Watu walikuwa wamekuja kupunga upepo na kula mihogo. Msichana mwenye buibui kama mimi ameshika rimoti, antena imesimama, mbona walikusanyika haraka! Gari likaanza. Gurudumu la mbele likapapasa ukingo wa jiwe, likateleza, likashika. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Wallahi nilitaka kulia kwa furaha. Lilibaki jiwe moja tu.

Hapo askari wa nyumba moja kubwa akaja kusimama ubavuni kwangu atazame vizuri. Redio yake ya mkononi ikamwita, naye akaibonyeza akajibu. Gari langu likatetemeka, likageuka lenyewe, likaporomoka hadi majini. Lile wimbi la redio yake liliifunika rimoti yangu kabisa. Maskini askari, aliomba radhi mara tatu.

"Halikufika juu," ami akasema taratibu.

Nilishuka na buibui nimelipandisha magotini, nikalitoa gari majini, nikachomoa betri kwanza. Kisha nikapanda mbio kwa mama muuza mihogo nikamwomba dumu lake la maji matamu. Ami akaona ninalotaka kufanya. "Usilitie maji tena! Kitu kikishaingia baharini kimekwisha, mimi hata dukani sikipokei."

"Kinachoua ni chumvi, ami, si maji," nikamjibu, kwa ukali kupita inavyofaa kumjibu mkubwa, nikalimiminia dumu zima. Mama yangu akanishikia gari.

Nililianika darini kivulini siku mbili. Jumanne nikaliweka juu ya meza ya ami, nikatia betri, nikabonyeza. Likaipanda koleo yake, likaupanda mkebe wa misumari, likasimama mbele ya mikono yake. Hasira zilikuwa zimenijaa kifuani, nilikuwa tayari kugombana naye.

Ami alilitazama sana. "Nani alikufundisha kuosha kitu cha baharini?"

"Redio ya baba," nikasema. "Ile iliyomponyoka pale Feri ikatumbukia baharini, ukamwambia akaitupe. Niliiosha mimi."

"Nilidhani mlinunua nyengine."

"Hatukununua. Ndiyo aliyokuwa akisikilizia habari kila jioni, mpaka siku aliyofariki."

Ami akavua miwani. Nilimwona jinsi alivyofanana na baba bila miwani, na hasira yote ikaniisha, sikujua imekwenda wapi. "Alijua ni wewe uliyeitengeneza?"

"Alijua. Alinikataza nisikwambie. Alisema, asije ndugu yangu akavunjika moyo na kazi yake."

Ami aliinama, akaanza kuhamisha vyombo vyake, kimoja kimoja, mpaka nusu ya meza ikawa tupu.