Mume wangu alimtuma bodaboda akapimwe kaswende badala yake

Admin, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nimeishia kidato cha nne, naishi Magomeni hapa Kilosa. Mume wangu anaziba pancha za malori Mikumi na hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Nilimzalia mtoto mmoja, wa kike, akatoka tumboni akiwa ameshafariki. Kucha zake zilikuwa zimeota vizuri. Nywele zilimlalia kwenye paji la uso kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Nilipopata ile mimba, kliniki walitaka niende na mume tupimwe wote. Nilipomwambia alikuwa mbele ya kioo ananyoosha kola. "Mwanaume mzima nikapange foleni na matumbo? Nitakutafutia mtu." Nilidhani anatania. Asubuhi akaja rafiki yake, bodaboda wa stendi, amechomekea shati. "Shemeji, leo baba mtoto ni mimi. Panda twende." Wapo wanawake wengi hapa wanaokwenda na mume wa kuazima, nikapanda.

Mimi nikakutwa na kaswende. Bodaboda, aliyeandikwa kwa jina la mume wangu, hakuwa nayo. Nesi alimtazama kwa huruma, mimi akanitazama vingine. Akatueleza kwamba ugonjwa huu unaweza kukaa mwilini bila dalili yoyote na unaweza kumuua mtoto tumboni, lakini sindano ya penisilini inautibu, mradi tutibiwe wote, na kabla ya hapo tusikutane bila kondomu. "Ukitibiwa peke yako, mama, mwenzako anakurudishia." Kwa hiyo "mume" naye akachomwa. Kurudi, aliendesha pikipiki kakalia upande mmoja. "Shemeji, urafiki nao una mipaka!"

Nilimweleza mume wangu yote, taratibu, nikiwa nimemwekea chai. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi nimeshatibiwa!" Nikamsihi akachome sindano hata Morogoro, ambako hajulikani. Hakwenda. Kondomu akasema si ya mke wa ndoa. Nilikataa mara kadhaa, kisha nikachoka kukataa. Mimba ikiwa ya miezi minane mtoto aliacha kucheza. Alipenda kucheza nikila ndizi mbivu, nikala nyingi siku ile, nikingoja.

Huyu ni mtu anayefungua matairi ya malori kwa mikono yake, na sindano inamkimbiza. Siku hizi akijipulizia manukato naona shati limetundikwa tu, ndani hamna mtu.

Tulipomaliza kuzika akamwambia mama yake ugonjwa nimeuleta mimi, kwa sababu kliniki "alipimwa" akaonekana mzima. Nilimwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama," hakuitikia. Akasema, "Mwanangu hana kitu. Wewe ndiye umemuua mjukuu wangu." Mume wangu alikuwepo, anakula. Alichosema ni, "Mchicha umebaki?"

Sasa nina mimba nyingine. Safari hii nimepima mapema, nimeanza sindano, na nalala chumba cha pili nimejifungia. Ameita kikao cha pande zote mbili Jumamosi, anishitaki kwamba namnyima haki yake. Yule bodaboda anasema yuko tayari kuja. "Nitawaambia, shemeji. Tako lililochomwa ni langu." Lakini akisema, Magomeni nzima itajua nilikwenda kliniki na mume wa kuazima, na mama mkwe anaweza kuligeuza akasema mtoto wa kwanza alikuwa wa bodaboda.

Je, niseme ukweli mbele ya wazee, labda aibu itampeleka akatibiwe? Au niende kwetu Msowero kabla ya Jumamosi, mwanangu azaliwe mbali naye? Nisaidieni mawazo, kina mama na hata kina baba. Ila anayetaka kuniambia nimfungulie mlango, kwanza yeye mwenyewe akapime.