Gramu Mia Mbili

Wenzake wodini walimwita Mama Gramu, kwa sababu hakuna mtoto aliyezaliwa mikononi mwake akaandikwa "kilo tatu na kitu". Hicho kitu alikitaka kwa tarakimu. Alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita, na kwa miaka tisa ya mwisho alikaimu ukuu wa wodi ya wazazi. Yaani kazi zote zake, kiti si chake. Kisha ikaja barua kwamba mkuu wa wodi lazima awe na shahada. Akiwa na miaka hamsini na moja, akajiandikisha kwenye chuo cha masomo ya mbali.

Chuo hicho hakikuwa na maktaba ya kuingia kwa miguu. Kililipia ada ya maktaba ya mtandaoni, na kila mwanafunzi akapewa namba na neno la siri. Jumamosi ya kwanza mumewe, fundi cherehani, alimkuta chumba cha wageni mbele ya kompyuta ya binti yao.

"Si ulisema unakwenda maktaba?"

"Niko maktaba."

Fundi akatazama kitanda, pazia, na pasi iliyokuwa juu ya stuli. "Inafungwa saa ngapi?"

"Haifungwi."

"Basi chakula nitakuletea humo humo," akasema, akaondoka na wasiwasi wake.

Mama Gramu alitaka kuandika utafiti kuhusu uzito wa watoto wachanga. Akaiuliza maktaba kwa sentensi nzima, kama anavyomuuliza daktari wa zamu: kwa nini watoto wengine huzaliwa wepesi ilhali mama zao wana afya njema? Maktaba ikamletea makala elfu arobaini na moja. Akafungua ya kwanza, akaanza kusoma. Jumamosi ya tatu alikuwa amefika ya kumi na sita, ndipo akampigia simu mkutubi wa chuo.

"Mama, umezisoma zote kumi na sita?"

"Pamoja na maelezo ya chini ya ukurasa."

"Na ya kumi na moja ilihusu nini?"

"Kondoo."

Mkutubi alikuwa na subira. Akamfundisha kutafuta kwa maneno machache, kuchagua miaka, kuchagua aina ya hospitali, na kusoma muhtasari kabla ya kujitosa. Elfu arobaini na moja zikachujwa, zikabaki thelathini na nne.

Ya tano kati ya hizo ilihusu hospitali ndogo yenye wodi ya vitanda kumi na vinane. Jina la mwandishi alilijua: alikuwa daktari wao miaka kumi na moja iliyopita, na siku hizi alifundisha chuo kikuu. Vitanda kumi na vinane alivijua pia, maana alivitandika mwenyewe. Daktari alikuwa ametumia daftari la uzito la wodi, lile alilokuwa akiliandika yeye.

Makala hiyo ya kurasa kumi na mbili ilisema watoto waliozaliwa mwezi wa nne na wa tano walipungua gramu mia mbili, na ikaeleza sababu kwa kurasa nne: mvua, upungufu wa chakula, kazi za shamba. Makala nyingine arobaini na tatu zilikuwa zimeitegemea.

Mama Gramu akafunga kompyuta. Jumatatu aliingia stoo ya hospitali, akapekua maboksi mpaka akalipata daftari. Ndani ya jalada, kwa wino mwekundu na mwandiko wake, palikuwa na maneno haya: *Mizani imeanguka tarehe moja mwezi wa nne. Inapunguza gramu 200. Msomaji aongeze.* Mizani mpya ililetwa mwezi wa sita. Walionakili tarakimu hawakuangalia jalada.

Akakaa juu ya boksi la glovu. Hakufurahi hata kidogo. Aliona aibu. Angeweza kumwongezea kila mtoto gramu zake palepale, yakaisha. Badala yake aliandika kwenye jalada, akidhani kila mtu husoma kama yeye, kuanzia mwanzo.

Akampigia daktari.

"Sista! Miaka mingapi hii!"

"Mingi, dokta. Nimesoma makala yako ya mvua."

"Aa, ile. Ile ndiyo iliyonipandisha cheo."

"Si mvua, dokta. Ni mizani."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa. "Mizani gani?"

Akamsomea maneno ya jalada. Daktari akamwomba arudie, naye akarudia kwa sauti ileile.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Lakini mimi nina utafiti wa kuandika. Nikiitumia makala yako nitakuwa nadanganya, na nikiiruka nitaulizwa kwa nini."

"Nipe siku mbili."

Alichukua kumi na tisa. Mama Gramu alishaanza kumkatia tamaa alipopokea barua pepe fupi. Daktari alitaka picha ya jalada na ya kila ukurasa wa miezi ile miwili. Alikuwa amerudia hesabu zote. "Mvua imekwisha," aliandika. "Samahani, sista. Nilipaswa kukuuliza tangu mwanzo."

Miezi mitano baadaye jarida likachapa sahihisho la mistari tisa, na chini yake majina mawili, la daktari na la mkunga. Fundi alilisoma mara mbili.

"Kurasa kumi na mbili zimeangushwa na mistari tisa?"

"Zimeangushwa na mizani."

Akalibandika ukutani kibandani kwake, kando ya vipimo vya sare za shule. Wateja waliouliza walielezwa, na wasiouliza pia.

Mama Gramu alibadili mada, akaandika jinsi wodi zinavyokagua mizani. Alizunguka wodi tisa. Mizani sita hazikuwa sawa. Akafaulu, akathibitishwa ukuu wa wodi, akapewa na ufunguo wa kabati ambao alikuwa nao tayari.

Mwezi mmoja baada ya mahafali, maktaba ilimkataa. Akampigia mkutubi.

"Ni ya wanafunzi tu, mama. Wewe umeshahitimu."

"Kozi yenu fupi kuliko zote ni ipi?"

Mkutubi akapekua orodha. "Ya miezi mitatu. Ufugaji wa nyuki."

"Niandikishe."

Jioni alimweleza mumewe kwamba mzinga mmoja unaweza kuwa na nyuki elfu sitini. Fundi akauliza nani aliwahesabu, na mkewe akasema hilo ndilo alilokuwa analitafuta.