Kitambaa cha Kumfunika Mjomba Macho

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiifikiria vidole vinaniganda. Nilikuwa msichana, nimeshuka kutoka Kinole kuja mjini Morogoro kujifunza ushonaji, nikawa nakaa kwa mjomba wangu Shabani, kaka yake mama, na mkewe, Mama Zuhura. Kwetu Waluguru mjomba ni mtu mkubwa. Akisema neno, limesemwa.

Mjomba alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine yenye visu, na siku hizo walikuwa wamempangia shifti ya usiku. Akirudi asubuhi anaoga, anakunywa chai, anajitupa kitandani, lakini usingizi haumchukui. Dirisha lao lilitazama milimani. Jua likishavuka kilele lilimwagika lote usoni mwake, na lile pazia halikusaidia kitu.

Nikamwambia nitamshonea kitambaa cha kufunika macho. Ninyi siku hizi mnavivaa hosteli huko chuoni Mzumbe, vina maua na maandishi. Mimi wakati ule sikuwa nimekiona hata kimoja. Nilibuni tu. Nilichora umbo kwenye karatasi ya kaki, nikaliachia nafasi ya pua. Nje niliweka kitambaa cheusi kilichobaki kwenye sketi, ndani fulana kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, katikati kipande cha blanketi. Lastiki niliichomoa kwenye gagulo langu. (Na wewe ukishona, upande unaogusa ngozi usiuweke nailoni, utamtoa mtu jasho, macho yamuwashe.)

Kabla sijapiga cherehani nilitaka kumjaribishia. Nikaingia sebuleni.

“Shikamoo, Mjomba. Kaa hapa, tazama dirishani.”

“Marahaba. Haya, fundi wangu, nifunge.”

Nikamfunika macho yote mawili, nikamwambia asiyafumbe, ili anieleze mwanga unapoingilia. Akasema unaingia kidogo puani. Basi nikakunja upande wa kushoto juu, nikashika pini nibane pale penye pua. Jicho lake la kushoto likabaki wazi kabisa, jua linaliwakia.

“Sasa je, Mjomba, bado mwanga unaingia?”

“Aa, sasa umepatia. Giza totoro.”

Nikacheka. Nilidhani ananitania, maana alikuwa mtu wa masihara. Nikainua kichwa nimjibu, nikaona ile pini. Ilikuwa mkononi mwangu, ncha yake karibu kugusa kope zake, na jicho limekodoka halichezi. Nikaisogeza pembeni. Nikapunga mkono mbele yake. Halikupepesa.

Pini ilinidondoka. Nikapunga mkono tena, karibu zaidi.

“Mbona umenyamaza?” akauliza.

“Mjomba, jicho hili sijalifunika.”

Taratibu akapandisha mkono, akalipapasa jicho lake mwenyewe, akakuta hakuna kitambaa. Nikaona uso wake unaporomoka.

“Nyamaza, Mwajuma,” akaninong’oneza. “Mama Zuhura asisikie. Limekufa muda mrefu. Kiwandani wakijua watanitoa kwenye mashine, na mtakula nini?”

“Na la kulia?”

“La kulia nalo limeanza ukungu.”

Kila usiku mtu huyu alikuwa anaingiza mikono kwenye visu! Nilipiga ukelele. Ndiyo, mjomba alikuwa amenikataza, na mimi sikuwa nimewahi kumvunjia neno, lakini ule ukelele haukuniomba ruhusa.

Mama Zuhura akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. Nikamwambia yote pale pale. Nilitegemea alie, au amgombeze mumewe. Hakufanya hata kimoja. Alimtazama tu, akakaa chini polepole.

“Jicho la kushoto?” akauliza. “Upande ninaokaa tukila?”

Mjomba akaitikia kwa kichwa.

“Shabani! Nakusogezea mboga huigusi. Nakutazama hunitazami. Nikajua umenichoka. Nguo zangu nimeshazifunga, wiki hii nilikuwa narudi kwetu.”

Sasa ikawa zamu ya mjomba kushtuka. Alikivua kile kitambaa, akamgeukia, ikabidi azungushe shingo yote ndipo amwone, na nikajiuliza mimi na mama huyu tulikuwa tunatazama nini siku zote, tusione shingo ile inavyozunguka.

Siku hiyo hiyo tulimpeleka hospitali. Daktari akasema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula kimyakimya bila maumivu. La kushoto halikuwa la kurudi tena. La kulia walilikuta ukingoni, akapewa dawa ya matone ambayo hakuiacha maisha yake yote. Kiwandani walimhamishia getini, zamu ya mchana. Mshahara ulipungua, tukapunguza nyama. Mama Zuhura alizifungua nguo zake, akaanza kukaa kulia kwa mumewe. Kile kitambaa sikukimalizia, hakikuwa na kazi tena.

Basi, mwanangu, ninachokuomba ni hiki. Mwili wako ukianza kukunyima kitu, iwe macho, masikio au nguvu, sema mapema, tena sema kwa walio ndani ya nyumba yako. Usijidanganye kwamba unawalinda kwa kunyamaza. Unawaacha wajitungie sababu zao, na mara nyingi watatunga iliyo mbaya kuliko kweli yenyewe. Na mtu wako asipokuitikia, asipokutazama, usikimbilie kununa. Zunguka, kaa mbele yake, muulize. Mkubwa akikuambia ufiche ugonjwa wake, mheshimu kwa mengine yote, lakini hilo liseme.

Mungu akuhifadhie nuru ya macho yako, akupe wa kukutazama na wa kumtazama, na usiku wako uwe wa usingizi mwema. Amina.